Mkono uliolegea usiwapoteze

Wadogo zangu mnaoanza wodi ya neva, juzi kwenye raundi nimeisikia tena: "Mkono umelegea, rifleksi hakuna, basi ni neuroni ya chini." Yaani mgonjwa akigongwa nyundo msuli haushtuki, na lawama inaangukia neuroni ya chini, ile itokayo uti wa mgongo hadi kwenye msuli, si ubongo. Kila kundi huja na kauli hiyo. Nawapenda, lakini hii lazima iishe.

1. Ijueni njia ya kotikospaina, inayobeba amri za mwendo kutoka ubongoni hadi uti wa mgongo, kwa kuifuata, msikariri mchoro tu. Huanzia kwenye gamba la ubongo, nyuzi zake hubanana katika kapsuli ya ndani, kipito chembamba ndani ya ubongo, hushuka kwenye shina la ubongo kupitia mbele ya ubongo wa kati na ponsi, na mwisho wa medula, sehemu ya chini ya shina hilo, asilimia 75 hadi 90 huvuka upande wa pili. Jeraha likiwa juu ya mvuko huo, linapooza upande wa pili wa mwili. Likiwa kwenye uti wa mgongo, linapooza upande wake lenyewe.

2. Kulegea kwa mwanzo. Njia hii ikikatika ghafla, neuroni za chini hukosa amri zilizozoea kupata kutoka juu, na kwa muda hunyamaza. Ukakamavu na rifleksi kali huja baada ya siku au wiki. Mnazisoma kwenye orodha moja na kupooza, mnadhani zote zinafika pamoja.

Kijana mmoja, msomaji hodari na mpole kwa wagonjwa, alimpokea mama ambaye mkono wake wa kulia ulidondoka ghafla akiwa anazungumza. Akagonga nyundo kwenye kiwiko, kimya. Akagonga tena, kimya. Akaandika kwamba ni neva ya mkono, akaagiza vipimo vya damu, mama akaambiwa asubiri. Nilipofika nilianza na uso. Pembe ya kulia ya mdomo ilikuwa imeshuka na mate yanachuruzika. Nikamwomba anyanyue nyusi: paji likakunjamana sawasawa pande zote mbili. Sehemu ya juu ya uso hupata nyuzi kutoka pande zote mbili za ubongo, ndiyo maana paji hubaki zima mdomo ukianguka. Na hakuna neva ya mkono inayoshusha mdomo. Nikakwaruza unyayo wa kulia. Kidole gumba cha mguu kikapanda taratibu, ishara kwamba njia ya kotikospaina imejeruhiwa. Kiharusi hicho, mbele ya macho yetu, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze. Tulikimbia CT skani, dawa akaipata muda ukiwa karibu kuisha. Mguu ulirudi. Vidole vya mkono havikuweza tena kufunga kifungo cha nguo.

3. Kupanda huko kwa kidole ndiyo ishara ya Babinski, tunayoitumia tangu 1896: anzieni kisiginoni, piteni ukingo wa nje, kisha mpinde kuelekea kidole gumba. Angalieni mwendo wake wa kwanza, huo ndio jibu. Kwa mtoto mchanga kupanda ni kawaida, njia bado haijakomaa.

4. Uso, mkono na mguu vikipooza kwa kiwango kimoja na lugha ikiwa nzima, fikirieni kapsuli ya ndani kwanza. Uso upande huu na mwili upande ule, ni shina la ubongo.

5. Kwenye faili, andikeni saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho. Saa aliyofika wodini haitoshi. Muulizeni aliyemleta kabla hajaondoka.