Hukumu ya Kwanza na Kesi ya Pili ya Kampuni ya Bima

Kesi ya ajali ya barabarani ikishatolewa hukumu, wahusika hudhani kwamba mambo yamekwisha. Kisha kampuni ya bima inafungua kesi nyingine juu ya ajali ileile, na kila mtu anauliza kama hukumu ya kwanza haiizuii. Nimeandaa kesi za ajali katika ofisi ya mawakili hapa Mombasa kwa miaka mingi, na ushauri wangu ni kwamba swali hilo lisijibiwe kabla ya kujulikana kampuni ya bima imesimama mahali pa nani. Ikiwa imesimama mahali pa mteja wake, hukumu inayomfunga mteja inaifunga na yenyewe. Ikiwa inadai haki yake inayotokana na mkataba wa bima, mara nyingi hukumu hiyo haiigusi.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 21 ya Sheria za Kenya, kinaikataza mahakama kusikiliza kesi au hoja ambayo ilikuwa kiini cha kesi ya awali baina ya wahusika walewale, au baina ya watu ambao wahusika wa sasa wanadai kupitia kwao, iwapo mahakama yenye mamlaka ililisikiliza jambo hilo na kulimaliza. Mwaka 2017, katika kesi ya tume ya uchaguzi, IEBC, dhidi ya Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufaa ilisisitiza kwamba masharti hayo lazima yatimizwe yote kwa pamoja. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba ajali ni ileile na gari ni lilelile.

Maneno yanayoinasa kampuni ya bima ni hayo ya kudai kupitia kwa mtu mwingine. Kampuni inapomlipa mteja wake gharama za kutengeneza gari, hupata haki ya kumfuata aliyesababisha ajali, lakini haki hiyo si mpya. Ni ileile ya mteja, pamoja na kasoro zake zote, na ndiyo maana kesi yenyewe hufunguliwa kwa jina la mteja. Mteja akiwa alikwisha kushtaki na kushindwa, kampuni haiwezi kurudi mahakamani kujaribu bahati yake. Jambo ambalo watu wengi hawalitarajii ni kwamba hata mteja aliyeshinda anaweza kuifungia mlango kampuni yake. Ufafanuzi wa nne wa kifungu hicho cha 7 unasema kwamba hoja iliyoweza na kupaswa kuletwa katika kesi ya kwanza itahesabiwa kuwa ilikuwemo, na Kanuni ya 4 ya Agizo la 3 la Kanuni za Mwenendo wa Madai inamtaka mdai aweke dai lake lote katika kesi moja.

Niliona madhara yake kwa mama mmoja mfanyabiashara wa Kongowea ambaye pikapu yake iligongwa na lori. Bima ililipa gereji, naye, kwa kuwa bima haikumlipia gharama za kukodi gari lingine wakati lake likitengenezwa, akafungua kesi peke yake dhidi ya mwenye lori na kulipwa. Baadaye kampuni ya bima ilifungua kesi kwa jina lake ikidai gharama za gereji, wakili wa upande wa pili akatoa nakala ya hukumu ya kwanza, na kesi ikaondolewa. Kampuni ikamgeukia mama yule na kumdai kwa kuharibu haki yake ya kurejeshewa fedha. Wakili wa kampuni alikuwa ameitegemea kesi ya zamani ya Uingereza, Brunsden dhidi ya Humphrey ya 1884, ambamo dereva aliyelipwa uharibifu wa gari lake aliruhusiwa kushtaki tena kwa majeraha ya mwili. Hapa, hata hivyo, madai yote mawili yalihusu gari. Inaniuma hadi leo, kwa sababu barua moja kwa kampuni ya bima kabla ya kufungua kesi ingetosha kuyaunganisha madai hayo.

Hali hubadilika pale kampuni inapomshtaki mteja wake yenyewe, ikidai kwamba alificha jambo muhimu alipokata bima. Kesi ya majeruhi dhidi ya mteja iliamua nani alizembea na fidia ni kiasi gani. Uhalali wa mkataba wa bima haukuwa mbele ya hakimu, na kampuni haikuwa mhusika. Kizuizi halisi hapo ni muda. Kifungu cha 10 cha sheria ya bima ya magari kwa ajili ya watu wengine, Sura ya 405, kinaitaka kampuni inayotaka kukwepa kumlipa majeruhi kwa sababu hiyo iwe imefungua kesi yake kabla ya kesi ya majeruhi kuanza au ndani ya miezi 3 baada ya hapo. Ukishtakiwa hivyo, linganisha tarehe kabla ya kuanza kubishana juu ya hukumu.

Hukumu ya kesi ya trafiki nayo isichanganywe na haya. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya kuwa thibitisho kamili kwamba dereva aliyetiwa hatiani alitenda kosa aliloshtakiwa nalo, lakini Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikwisha kuamua, katika Robinson dhidi ya Oluoch mwaka 1971, kwamba dereva huyo bado anaweza kudai kuwa mwenzake alichangia ajali.

Hoja ya kesi iliyokwisha kuamuliwa huthibitishwa kwa nyaraka. Nenda masjala ya mahakama uombe nakala zilizothibitishwa za hati ya madai, utetezi na hukumu, kwa kuwa hukumu peke yake haionyeshi kila kilichodaiwa, na kesi iliyofutwa kwa kasoro ya utaratibu bila kusikilizwa kwa kawaida haizuii nyingine.

Mwisho, jihadhari na upande wa pili wa jambo hili. Katika Talbot dhidi ya Berkshire County Council, nchini Uingereza, mawakili waliowekwa na bima waliliingiza baraza la kaunti katika kesi ambayo abiria alimshtaki dereva, bila kudai fidia ya majeraha ya dereva mwenyewe waliyekuwa wakimtetea. Alipokuja kudai baadaye, alizuiwa. Kwa hiyo bima yako inapokuwekea wakili, mwandikie mara moja ukieleza kila hasara uliyoipata, na umtake akujibu kwa maandishi kama dai lako limo katika kesi hiyo au halimo.