Mswada wa kupambana na uharamia: usome kwanza, halafu uupinge hivi

Watu wengi wanaopinga sheria za uharamia mtandaoni, yaani usambazaji wa kazi za watu bila ruhusa, hushindwa mapema kwa sababu wanaanza na neno uhuru. Mtunga sheria aliyekwisha kulisikia mara hamsini siku hiyo anakuwa ameshaziba masikio. Nimewahi kuandika maoni dhidi ya miswada ya aina hii na kukaa mbele ya kamati kuyatetea, na siku hizi nikiombwa ushauri nasema hivi: acha lengo la sheria, shika utaratibu wake. Nani anaamua kwamba kazi fulani imeibwa? Anaamua kabla au baada ya kumsikiliza mtuhumiwa? Na akikosea, hasara inakuwa ya nani?

Kwanza kuna jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawapendi nilitaje. Uharamia upo, na unaumiza. Mtengeneza filamu anayekuta kazi yake imesambazwa bure wiki ile ile aliyoitoa ana haki ya kukasirika. Ukienda kwenye kikao ukasema hakuna anayedhurika, wasanii waliokaa nyuma yako watakucheka, na watakuwa sahihi. Kubali hilo kwa sentensi moja, kisha uende kwenye vifungu.

Mimi niliingia kwenye mambo haya kupitia kinanda. Ninafundisha kinanda mtandaoni, na katika somo moja nilipiga kwa mikono yangu mwenyewe kipande cha Beethoven, mtu aliyefariki mwaka 1827, nikakipandisha kwenye jukwaa la video. Hazikupita siku nyingi nikaletewa barua pepe kwamba sehemu ya video hiyo, dakika ya pili mpaka ya tatu na ushei, "inalingana" na rekodi ya kampuni ambayo sikuwahi kuisikia. Hapakuwa na jina la aliyesikiliza, maana hakuna aliyesikiliza. Programu ililinganisha sauti na sauti, ikahukumu. Chini yake kulikuwa na vitufe viwili, kubali na pinga, na pembeni ya "pinga" onyo kwa maandishi mekundu kwamba nikishindwa akaunti yangu inaweza kufungwa. Hapo ndipo wengi hubonyeza "kubali" hata kama haki ni yao. Nilipinga. Video ilirudi baada ya wiki kadhaa, wanafunzi wakiwa wameshalipita somo hilo.

Vichujio vya namna ile, programu zinazosaka kazi zilizoibwa, majukwaa yamejiwekea yenyewe, lakini vimeota kwenye udongo wa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998 inayojulikana kama DMCA. Chini ya sheria hiyo, anayehifadhi maudhui ya watu wengine hashtakiwi kwa makosa yao ili mradi akipokea taarifa ya mwenye hakimiliki ayaondoe upesi. Aliyeondolewa anaweza kutuma taarifa ya kupinga, na kama mlalamikaji hajaenda mahakamani, maudhui yanarudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Ukiisoma haraka utaona ni haki kwa pande zote. Tazama tena nani anaanza kuumia: mlalamikaji anapata anachotaka siku ya kwanza, mlalamikiwa anasubiri. Mwaka 2007 mama mmoja wa huko huko Marekani alipandisha video ya sekunde 29 ya mtoto wake akicheza, wimbo wa Prince ukisikika nyuma. Ikaondolewa. Ilipofika mwaka 2015 ndipo mahakama ya rufaa ikasema mwenye hakimiliki anapaswa kufikiria kama matumizi ni halali kabla ya kutuma taarifa. Miaka minane, kwa sekunde 29.

Na hiyo ndiyo sheria ya kiasi. Inayotisha ni ile inayoacha video moja moja na kwenda kwa tovuti nzima. Mswada wa SOPA ulipelekwa kwenye Baraza la Wawakilishi la Marekani Oktoba 2011, ndugu yake PIPA akiwa tayari yuko Seneti. Ulilenga tovuti za nje: watoa huduma wa intaneti wazuie majina yake, injini za utafutaji ziyafiche, kampuni za malipo na za matangazo zikate uhusiano nazo. Katika toleo la kwanza, mwenye hakimiliki angeweza kutuma taarifa kwa kampuni za malipo na matangazo, nazo zikawa na siku 5 za kutekeleza, kabla jaji hajaona karatasi yoyote. Tovuti isiyopokea malipo wala matangazo inakufa hata kama haijazuiwa.

Wengi wanakumbuka Januari 18, 2012, Wikipedia ya Kiingereza ilipojifunga siku nzima na Google ikafunika nembo yake kwa weusi. Siku mbili baadaye miswada yote miwili ilikuwa imeahirishwa. Mimi naheshimu zaidi barua iliyotangulia, ya Desemba 2011, ya wahandisi 83 wa intaneti, Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti, akiwa mmojawapo. Hawakulia. Walieleza kwamba kuchezea mfumo unaotafsiri majina ya tovuti kungedhoofisha usalama wa mtandao kwa kila mtu, wenye hakimiliki wakiwemo. Ukitaka kuandika maoni yako, iga barua ya namna hiyo: jambo moja, limeelezwa na mtu anayelijua.

Kuna atakayekwambia hizi ni hofu tu, serikali haiwezi kufunga tovuti isiyo na hatia. Mjibu kwa mfano wa Dajaz1, tovuti ya muziki wa hip hop ambayo anwani yake ilikamatwa na serikali ya Marekani Novemba 2010. Mwenye tovuti alionyesha kwamba baadhi ya nyimbo alizolaumiwa kwazo alitumiwa na watu wa tasnia ya muziki wenyewe ili azitangaze. Ilirudishwa Desemba 2011, bila mashtaka. Nani alimlipa kwa mwaka ule? Au mtajie Italia, ambako mfumo wa kuzuia mechi zinazorushwa mtandaoni bila ruhusa unataka watoa huduma wafunge anwani ndani ya dakika 30 tangu ilipotajwa. Oktoba 2024 mfumo huo uliifunga Google Drive, watu wakakosa mafaili yao ya kazi kwa saa kadhaa. Anwani moja ya IP, yaani namba ya mtambo kwenye mtandao, inaweza kubeba maelfu ya tovuti zisizojuana, kwa hiyo kuizuia ni kufunga ghorofa zima kwa ajili ya mpangaji mmoja. Dakika 30 hazimtoshi mtu kujua nani mwingine anaishi humo.

Sasa namna ya kuusoma mswada. Ruka dibaji, zote zinafanana. Nenda kwenye ufafanuzi wa maneno. Tafuta "kuwezesha": kama tovuti inaadhibiwa kwa kuwezesha uharamia, uliza kama huduma ya kuhifadhi mafaili, programu ya kutuma ujumbe au kiungo kilichowekwa na msomaji kwenye maoni vimo. Tafuta "mtoa huduma", uone kama mwenye kablogu ka watu mia amewekwa kapu moja na jukwaa la mamilioni. Kisha nenda kwenye muda na adhabu. Ukiona mtoa huduma anatozwa faini kwa kuchelewa kuondoa, lakini hatozwi chochote kwa kuondoa kisichostahili, hapo umepata kiini cha maoni yako. Yeyote mwenye akili za biashara ataondoa kila kitu anachoambiwa. Mwisho tafuta adhabu ya anayetoa madai ya uongo. Mara nyingi hutaikuta, na kutokuwepo kwake ni hoja tosha.

Kwenye kikao kimoja kijana aliyenitangulia alizungumza kwa hisia juu ya udikteta wa kampuni kubwa. Akapigiwa makofi. Mwenyekiti akamwuliza, kwa upole kabisa, "Ni kifungu gani?" Kijana akapekua mswada mbele nyuma, karatasi zikamtoka mkononi, akasema vyote. Mwenyekiti akamshukuru, akaita anayefuata. Nilikuwa na karatasi moja: namba ya kifungu, maneno yake yalivyo, na chini yake maneno niliyotaka yawekwe badala yake, kwamba mlalamikiwa apewe taarifa na nafasi ya kujibu kabla ya kuzuiwa. Wakaniuliza maswali, na katibu akaomba nakala. Si yote niliyopendekeza yaliyoingia, lakini sentensi ya taarifa kwa mlalamikiwa iliingia.

Usiende peke yako pia. Tafuta mkutubi, mwalimu, mtu wa kuhifadhi kumbukumbu, na hasa msanii aliyewahi kuondolewa kazi yake mwenyewe kimakosa. Huyo anazima kabisa ile hoja kwamba wapinzani wote ni wezi. Na ukisikia kwamba kila kitu kimeshatiwa saini, usikate tamaa haraka: mkataba wa kimataifa wa kupambana na bidhaa bandia na uharamia, ACTA, ulitiwa saini na Umoja wa Ulaya Januari 2012, na Julai 4 mwaka huo huo Bunge la Ulaya likaukataa kwa kura 478 dhidi ya 39. Ufaransa ilipotaka mamlaka ya kiutawala iwakatie watu intaneti kwa uharamia, Baraza la Katiba lilisema mwaka 2009 kwamba hilo ni la jaji. Hoja iliyoshinda ni ile ile ya nani anaamua.

Tunza maoni yako baada ya mswada kuanguka, maana hurudi kwa jina jingine. Januari 2025 mswada mpya wa kuzuia tovuti za nje uliwasilishwa Marekani, na aliyeuwasilisha ni mbunge Zoe Lofgren, mmoja wa waliopinga SOPA kwa nguvu. Huu wake unataka amri ya mahakama kwanza. Kuna wanaosema haitoshi na wanaosema ndiyo tulichokuwa tunadai. Mimi nimeuweka kando ya SOPA, kifungu kwa kifungu, na nilipofika kwenye muda anaopewa mwenye tovuti wa kujitetea ndipo nilianza kuandika pembeni.