Una mashoto na unataka kupiga dramu? Anza na mguu

Juzi Jumapili mama mmoja alinishika baada ya ibada ya pili, nikiwa bado naweka stiki kwa begi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto wake wa miaka 12 anaweza kufundishwa dramu juu ana mashoto. Kumbe walikuwa wameenda kwa mwalimu fulani huko mtaani, kijana akashika stiki akaanza na mkono wa kushoto, na huyo mwalimu akamwambia hapo hapo abadilishe mkono ama atafute kinanda. Hiyo kitu iliniuma mpaka usiku, juu mimi pia nina mashoto na nimepiga dramu makanisani hapa Nairobi miaka 14 sasa, na kama kuna mtu angenieleza mapema hii nitakayoandika hapa ningeokoa kama miaka mitatu ya kuhangaika.

Mimi nilikuwa nimeshazoea kuambiwa nibadilishe mkono. Shosho yangu alikuwa ananigonga vidole na mwiko nikinyoosha mkono wa kushoto kuchukua chakula, na sikasiriki naye, ndivyo alivyolelewa. Ata Kiswahili chenyewe kimechagua upande, mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, na ule mwingine wazee waliuita mkono wa kike. Basi nilipofika kanisani kwetu Umoja nikiwa na miaka 13 na yule kaka aliyekuwa anapiga akaniambia kaa hapa, vuka mkono wa kulia uende kwa haihati, zile sahani mbili za kushoto zinazofungwa na mguu, wa kushoto ukae kwa snea, ile ngoma ya katikati ya magoti, sikuuliza kitu. Nilivuka. Na mkono wa kulia ulikuwa unachoka kabla wimbo haujaisha, sana sana kwa sebene, na wote mnajua sebene ya kanisani haina dakika tatu, kwaya ikishika moto mnaenda dakika 10, 15, na haihati inakimbia mwendo ule ule bila kupumzika.

Nilipofika miaka 16 nikaamua basi nageuza kila kitu. Nilikuwa nimeona kwa video kwamba wapiga dramu Phil Collins wa bendi ya Genesis na Ian Paice wa bendi ya Deep Purple wote walikuwa wanapiga kiti, yaani seti nzima ya dramu, iliyogeuzwa kama unaiangalia kwa kioo, haihati iko kulia na floo tomu, ile ngoma kubwa inayosimama sakafuni, iko kushoto. Nikafurahi sana. Nikageuza. Na mikono ikakubali siku hiyo hiyo, lakini besi, ile ngoma kubwa ya mguu, ikakataa kabisa, mguu wa kushoto ulikuwa unachelewa, ukigonga mara mbili ile ya pili inapotea, nikapiga mazoezi miezi na miezi nikidhani ni uvivu.

Jibu nililipata kwa uwanja, si kwa kiti. Tulikuwa tunacheza mpira jioni na jamaa mmoja akasema kwa nini wewe unaandika na kushoto na unapiga shuti na kulia. Nikasimama hapo. Ni kweli, maisha yangu yote nimepiga mpira na mguu wa kulia. Mkono wangu ni mashoto, mguu wangu si mashoto, na hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba hivyo viwili si lazima vifuatane.

Ndio maana nasema kabla hujagusa skrubu yoyote ujue mguu wako kwanza. Piga mpira bila kufikiria. Simama wima umwambie mtu akusukume kidogo kutoka nyuma bila kukuonya, uone mguu gani unatangulia. Ile ninayoiamini zaidi ni hii, kaa kwa kiti cha kawaida, weka wimbo unaoupenda, subiri, angalia mguu gani umeanza kugonga sakafu wenyewe. Fanya hivyo siku tatu nne tofauti, usiamue kwa mara moja.

Kama mkono ni wa kushoto na mguu pia ni wa kushoto, geuza kiti yote na usimwombe mtu msamaha. Anza na kiti cha kukalia, mapaja yateremke kidogo kuelekea magoti, alafu acha miguu ianguke pale inapotaka yenyewe. Pale mguu wa kushoto umeanguka ndio pedali ya besi inaenda, pale wa kulia umeanguka ndio stendi ya haihati, na snea inakaa katikati ya magoti. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaweka besi kwanza alafu wanajikunja kuifuata, na baada ya mwaka mgongo unalalamika. Tomu ndogo, kati ya zile ngoma za juu ya besi, inahamia kulia karibu na haihati, ile kubwa inafuata kushoto, floo tomu inakaa kando ya paja la kushoto na raidi, ile sahani kubwa, juu yake. Mikono ya chuma inayoshika tomu juu ya besi unaifungua tu na kuibadilishana. Snea ni ya mviringo kwa hivyo unaizungusha mpaka ile lever ya kufungulia nyaya za chini ije pahali mkono wako unafika bila kutafuta, hii kitu ni ndogo lakini kuna nyimbo za taratibu unataka kuzima nyaya haraka kabla pasta hajaanza kuomba.

Pedali ya kawaida haina kulia wala kushoto, stendi ya haihati pia, usikubali duka likuambie ununue ya pekee. Lakini pedali ya besi mbili, ile ya kupigia besi na miguu yote miwili, iko na upande. Ile ya kawaida pedali kubwa ni ya mguu wa kulia na ile ndogo imeunganishwa na shafti ikielekea kushoto, kwa kiti iliyogeuzwa haiketi vizuri. Kuna zinazotengenezwa za mashoto, ila kwa duka nyingi za mjini ni ya kuagiza, uliza kabla pesa haijatoka mfukoni.

Sasa kama wewe ni kama mimi, mkono wa kushoto na mguu wa kulia, iko njia ya tatu na ndiyo iliyoniokoa. Unaacha kiti vile iko, ya watu wa kulia, unaacha besi na mguu wa kulia, lakini huvuki mikono. Kushoto inapiga haihati ambayo tayari iko kushoto, kulia inapiga snea. Tunaita mikono wazi. Mpiga dramu Billy Cobham, yule aliyezaliwa Panama mwaka 1944, amepiga hivyo miaka yote, na Carter Beauford wa Dave Matthews Band pia, kwa hivyo mtu akikuambia hiyo si njia mwonyeshe hao wawili alafu mnyamaze wote muangalie.

Kitu cha kwanza ukianza mikono wazi, shusha haihati. Wale wanaovuka wanaiweka juu ili mkono wa snea upate nafasi ya kupita chini, wewe huna haja, ishushe ikaribie urefu wa snea na bega litakushukuru. Cha pili, hamisha raidi. Ikibaki kule kulia utajikuta unavuka tena ukitoka kwa aya ukiingia kwa pambio, kwa hivyo ilete kushoto juu ya haihati. Kama stendi haifiki, omba stendi ya kreshi, ile sahani ya kishindo, ya upande huo mbadilishane.

Faida utaisikia kwa sebene. Mkono wako wenye nguvu ndio unabeba ile kazi ndefu ya haihati, na wa kulia uko huru kwenda kwa tomu yoyote bila haihati kukatika. Kwa rege ya wan dropu, pale besi na ukingo wa snea vinaanguka pamoja kwa pigo la tatu, mkono wa kulia unalaza stiki juu ya snea na kushoto inaendelea zake, hakuna mtu anapitia juu ya mwenzake.

Lakini nisiwadanganye, kuna mahali panauma. Mkono dhaifu sasa ndio unapiga snea, na snea ndiyo watu wote wanapigia makofi. Miezi ya kwanza pigo langu la pili na la nne lilikuwa laini, mpiga besi gita alikuwa ananiangalia kila mara. Nilitibu na mto. Unaweka mto wa kulalia mapajani, metronomu kwa simu iko pigo 60 kwa dakika, mkono wa kulia peke yake, dakika 10 kila usiku. Mto haurudishi stiki kama ngozi ya dramu, kwa hivyo mkono unalazimika kuinua wenyewe. Na kwa sisi tunaokaa fleti hiyo ni baraka ingine, jirani hasikii kitu, ila mguu tu ndio uangalie, kisigino kikigonga sakafu mtu wa chini atamwita keateka.

Pahali pa pili ni kuzunguka tomu. Mwenye kulia akianza na kulia anagonga nne kwa tomu ndogo, ya mwisho inakuwa ya kushoto, alafu kulia inafungua njia kwenda kwa tomu inayofuata, safi. Wewe ukianza na kushoto ile ya mwisho inakuwa ya kulia, na sasa kushoto lazima irukie juu yake kufika tomu ya kulia, mnagongana. Ringo Starr wa Beatles ana hiyo shida tangu zamani, ana mashoto na anapiga kiti ya kulia, na ameeleza mwenyewe mara nyingi kwamba hawezi kuzunguka tomu kama wengine, na hapo ndipo zile roli zake za ajabu, yaani mapigo ya kuzunguka tomu, zilitoka, ambazo watu wa kulia wanasumbuka kuziiga mpaka leo. Mimi ninachofanya ni moja kati ya mbili. Ama naanza roli na mkono wa kulia, ama naweka pigo mbili za mkono mmoja pale katikati ili mikono ibadilishane zamu kabla ya kuhama. Paradidoli ndiyo shule ya hiyo kitu, kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto, polepole kwanza, kwa mto, alafu uipeleke kwa tomu mbili, alafu tatu.

Unaweza uliza, si basi kila mtu wa mashoto ajifunze tu mikono wazi? Kwa Nairobi hilo swali ni la maana kuliko vile linaonekana, juu wengi wetu hatuna kiti zetu. Tunapigia kiti ya kanisa, ya shule, ya studio unayolipia kwa saa. Nikiwa nageuza, kati ya ibada ya kwanza na ya pili nilikuwa na dakika kama 15, na mtu wa sauti alikuwa amepanga maiki zake zote, ile ya haihati, ile ya snea inayoingilia upande wa haihati, na mimi nakuja navuruga yote. Jumapili moja nilifunga stendi ya haihati kwa haraka, klachi inayoshika sahani ya juu haikukaza, sahani yenyewe ikaanguka katikati ya wimbo wa sadaka. Kwa mwenye mguu wa kulia, mikono wazi inamaliza hayo yote, unakaa unapiga. Lakini kwa mwenye mguu wa kushoto siwezi kumwambia aache mguu wake kwa sababu ya haraka ya Jumapili. Mguu ni kitu kigumu kubadilisha, nimejaribu, najua.

Huyo ninamwambia anunue kapeti. Nilipata kipande Gikomba kwa shilingi 800, kizito, hakitelezi. Unapanga kiti ya kulia juu yake, unazungushia kila mguu wa stendi selotepu nyeupe hapo kwa kapeti. Alafu unageuza, unaipanga ya kushoto mpaka umeridhika, unazungushia selotepu nyekundu. Kwa zile bomba za tomu na za sahani weka alama ya wino pale urefu wako unafika. Siku hiyo unajua kila kitu kinaenda wapi, na ukimaliza kupiga unairudisha kwa nyeupe wewe mwenyewe, usimwachie mwenzako, hiyo ni heshima na ndiyo itafanya wakukubalie wiki ijayo. Ukipata mtu wa pili wa kusaidia, kugeuza kiti ya tomu tatu ni dakika sita saba. Na mwambie mtu wa sauti Alhamisi, si Jumapili asubuhi.

Yule mama nilimwambia amlete kijana Jumamosi. Kijana mwenyewe nilimwomba tu kwanza asimame pale nje ya kanisa, nikamrushia chupa tupu ya soda miguuni, na kabla hajafikiria akaipiga na kushoto. Nimeshanunua selotepu nyekundu, na nimemwambia aje na viatu vya soli nyembamba.