Samaki aliyengoja hadi jioni

Wiki iliyopita mhariri aliwauliza wasomaji ni kitenzi gani cha Kiingereza chenye maneno mawili kilichowahi kuwapotosha, na sasa wanakitumiaje katika mazungumzo ya kila siku. Changu mimi ni "put off", na ingawa nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi, aliyenifundisha kitenzi hicho barabara alikuwa samaki.

Mwaka 2009 nilifuatana na mwalimu mwenzangu kutoka Uingereza, aliyekuwa akijitolea shuleni kwetu, tukaenda Pangani kumsalimia mama. Mama alimwandalia changu wa kupaka, mzima, kichwa na macho yake, akamlaza juu ya wali. Mgeni alimtazama, akarudisha mkono, akaninong'oneza: "Sorry, the eyes put me off." Mimi nilikuwa nimekariri tangu kidato cha pili kwamba "put off" ni kuahirisha, basi nikamfasiria mama kwamba mgeni anaomba kula baadaye. "Mfunikie basi, mwanangu, riziki yake haipotei," mama akasema, akanipa kawa. Saa moja jioni samaki yuleyule, amepashwa moto na macho yamezidi kuwa meupe, akarudishwa mbele ya mgeni.

Alichokuwa amesema maskini yule ni kwamba macho yale yamemkata hamu.

Nilipokaa kulitafakari jambo hili niligundua kwamba maana hizo mbili hazikutupana mbali. "Put" ni kuweka, na "off" huonyesha kitu kinachoondoka mahali kilipokuwa. Kinachosogezwa kikiwa ni shughuli yenye siku yake, tunapata kuahirisha: "They put off the wedding until December," yaani harusi imesogezwa hadi Desemba. Anayesogezwa akiwa ni mtu, hamu yake ndiyo inayoondoka: "The price put me off," bei ilinivunja moyo nikaacha kununua. Mpiga penalti anayezomewa kutoka nyuma ya goli naye anaweza kulalamika, "You're putting me off," kwa maana kwamba anababaishwa. Na mdai aliyechoka kuambiwa njoo kesho, njoo keshokutwa, atasema, "He keeps putting me off," ambayo kwa Kiswahili cha mtaani ni kwamba jamaa anampiga kalenda. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutazama ni yambwa, yaani kile kinachotendwa: je, kinachofuata ni shughuli, au ni mtu? Laiti ningalitazama hivyo siku ile, ningaliona kwamba "me" ni mimi, wala si mlo.

Wanafunzi wangu hukosea zaidi katika mpangilio wa maneno kuliko katika maana. Unaweza kusema "put off the meeting" au "put the meeting off", vyote ni sahihi, lakini jina likishageuka kuwa kiwakilishi, lazima kikae katikati: "put it off", kamwe si "put off it". Huwaambia wakumbuke kitenzi chetu wenyewe, kwa sababu katika "tumeuahirisha" ile "u" ya mkutano nayo imejibana ndani ya kitenzi, haikuachwa nje. Kosa la pili linatokana na Kiswahili moja kwa moja: kwa kuwa sisi husema "niliahirisha kwenda", mwanafunzi huandika "I put off to go", ilhali Kiingereza kinadai "I put off going". Tena "put" haibadiliki katika wakati uliopita, kwa hiyo "She puts off the trip" na "She put off the trip" hutofautishwa na herufi moja tu, ambayo msikilizaji asiye makini huikosa.

Wapo wanaouliza kwa nini wasitumie "postpone" wakapumzika. Watumie, hasa katika barua na matangazo. Neno hilo lilitoka Kilatini na asili yake ni kuweka baadaye, hivyo ni ndugu wa "put off" aliyevaa suti. Ila wasichanganye na "call off", ambayo ni kufuta kabisa, wala na "bring forward", mtego ninaouona mbaya kuliko yote. Sisi tukisema mkutano umesogezwa mbele, aghalabu tuna maana kwamba utachelewa. Mwingereza akisema umekuwa "brought forward", utafanyika mapema zaidi, na anayefasiri neno kwa neno atafika ukumbini akute viti vinakusanywa.

Limebaki suala la taa. Nyumbani kwetu Afrika Mashariki "put off the light" husemwa kila usiku, na kila mtoto anajua kwamba anaambiwa azime taa, ingawa Waingereza wengi husema "turn off" au "switch off". Mimi simkosoi mtu anayesema hivyo sebuleni kwake, kwa sababu taa inazimika. Katika insha ya mtihani, hata hivyo, namshauri mwanafunzi aandike "switch off", asije akakutana na msahihishaji mwenye kalamu nyekundu na moyo mgumu.