"Biweekly": mara mbili kwa wiki, au mara moja kwa wiki mbili?

Maswali ya wasomaji kuhusu maneno

Swali. Kikundi chetu cha wakulima wa viazi huku Uporoto kimepewa ratiba ya kupiga dawa ya ukungu, imeandikwa kwa Kiingereza: "spray biweekly". Mwenzetu mmoja aliyemaliza kidato cha sita anasema tupige mara mbili kwa wiki. Binti yangu aliye chuoni anasema ni kila wiki mbili, na kamusi ya kwenye simu anayo. Mvua imeshaanza, tumfuate nani?
*Mkulima, Mbeya*

Jibu. Ndugu mkulima, wote wawili wamesoma sawasawa, na ndiyo maana tunakuomba usipige dawa kwa kulifuata neno hilo. Kamusi kubwa za Kiingereza, ya Oxford na ya Merriam-Webster, zinaliwekea maana zote mbili. Kiambishi "bi" kimetoka Kilatini na kazi yake ni kuleta hesabu ya mbili, kama kwenye baisikeli yenye magurudumu mawili. Kikikaa mbele ya wiki, hakisemi kama zilizo mbili ni wiki zenyewe au ni safari za shambani ndani ya wiki moja. Waingereza wenyewe wanabishana juu yake, kwa hiyo msigombane nyumbani.

Sasa shambani. Ukungu wa viazi, ule ambao maofisa ugani huuita bakajani chelewa, unapenda hali ya Uporoto: baridi, mawingu, majani yasiyokauka. Hali ikiupendeza, tangu mbegu yake itue kwenye jani hadi jani hilo lianze kutoa mbegu nyingine zinazopeperuka inaweza kupita chini ya wiki moja. Dawa za kukinga kama mankozebu hukaa juu ya jani tu, haziingii ndani. Mvua huziosha, na majani yaliyochipua baada ya kupiga hayana kinga yoyote. Ndiyo maana lebo zake huhesabu siku, na mara nyingi huanzia siku 7 kutegemea hali ya hewa. Mkisubiri siku 14 katikati ya masika, mnaweza kulikuta shamba limeungua.

Na mkipiga mara mbili kwa wiki? Chukua lebo inayosema gramu 50 kwa lita 20 za maji. Bomba la lita 16 linahitaji gramu 40. Kama eneo lenu linatumia mabomba 10, kila mzunguko unakula gramu 400. Kwa wiki 8, kupiga kila wiki mbili ni mizunguko 4, yaani kilo 1.6. Kupiga mara mbili kwa wiki ni mizunguko 16, yaani kilo 6.4. Ni dawa mara nne, vibarua mara nne, na huenda mkavuka idadi ya mizunguko ambayo lebo inaruhusu kwa msimu.

Kwa hiyo fuateni siku zilizochapwa kwenye lebo ya chupa au pakiti mliyonunua, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kisha mpigieni aliyeandika ratiba. Msimuulize "ni kila wiki mbili, siyo?", maana atasema ndiyo ili simu iishe. Muulizeni hivi: "Tukipiga Jumatatu tarehe 2, mara inayofuata ni tarehe ngapi?" Akisema 5, alikusudia mara mbili kwa wiki. Akisema 16, alikusudia kila wiki mbili. Akisema 9, basi neno lilimponyoka, na alichokusudia ni kila wiki. Jibu lake lilinganisheni na lebo, na yakipingana, lebo ndiyo ya kushika. Tarehe mtakazokubaliana ziandikeni zote kwenye kalenda ya ukutani, pale anapokaa mwenye bomba.

Swali. Nimeajiriwa kwenye kiwanda cha mbao. Mkataba unasema nalipwa "biweekly", na jumla ya mwaka ni shilingi 7,800,000. Niligawa nikapata 325,000 kwa kila malipo, lakini nimepokea 300,000. Nimepunjwa?
*Msomaji, Mafinga*

Jibu. Kwa hesabu hiyo hujapunjwa. Kwenye mishahara neno hili limetulia kuliko kwingine kote: ni kila siku 14. Mara 26 za siku 14 ni siku 364, karibu mwaka mzima, na 300,000 mara 26 ni 7,800,000. Wewe uligawa kwa 24, ambayo ni hesabu ya "semimonthly", yaani mara mbili kwa mwezi, tuseme tarehe 15 na tarehe ya mwisho. Pesa ya mwaka ni ileile, mgawanyo ndio tofauti.

Penye kuumiza ni kwenye bajeti. Mwenye nyumba anadai kodi kwa mwezi, na ada ya shule haijui siku 14. Katika mwaka wa malipo 26, miezi kumi utapata malipo mawili, yaani 600,000, na miezi miwili utapata matatu, yaani 900,000. Ukiahidi marejesho ya mkopo kwa kuwaza 650,000 kila mwezi, miezi kumi utapelea 50,000. Panga maisha kwa 600,000, yale malipo mawili ya ziada yawe ya mbolea, bati au ada.

Angalia vitu viwili kwenye mkataba. Kwanza makato: kama SACCOS yako ilikubaliana kukata 30,000 kwa mwezi na mhasibu anakata 30,000 kwa kila malipo, kwa mwaka zitakatwa 780,000 badala ya 360,000. Omba karatasi ya malipo ya mwezi mmoja mzima, ujumlishe mwenyewe. Pili, angalia kiasi kilichofungwa ni kipi, cha mwaka au cha kila malipo. Katika mwaka wa siku 365, malipo yakiangukia Januari 1, yatafika pia Desemba 31, na hapo yanakuwa 27. Kama kilichofungwa ni 300,000 kwa kila malipo, mwaka huo utapata 8,100,000. Kama kilichofungwa ni cha mwaka, mwajiri anaweza kugawa upya. Uliza sasa, kabla mwaka huo haujafika.

Waingereza wana neno safi kwa siku 14, "fortnight", lililotokana na usiku kumi na nne. Walimu wetu wa zamani walilifundisha. Wamarekani hawalitumii sana, na nyaraka zenye mkono wa Kimarekani ndizo hujaa "biweekly".

Swali. Katiba ya chama chetu cha wakulima wa parachichi ina "bimonthly", "biannual" na "biennial". Je, ni neno moja kwa tahajia tatu?
*Katibu, Njombe*

Jibu. Hapana. "Bimonthly" ina ugonjwa uleule wa "biweekly": vikao 6 kwa mwaka au vikao 24. Ifuteni. "Biannual" ni mara mbili kwa mwaka na "biennial" ni kila miaka miwili. Maana za hizi mbili zimetulia kuliko za "bimonthly", ila zinafanana mno machoni, na hata wasomi huzibadilisha. Ya pili mkulima anaweza kuikumbuka kwa karoti na kabichi: kwa desturi yake mmea wa namna hiyo hujaza mzizi au kichwa mwaka wa kwanza, hutoa maua na mbegu mwaka wa pili, kisha hufa.

Katika katiba andikeni "mikutano mikuu miwili kila mwaka, wa kwanza Machi na wa pili Septemba". Hapo hakuna mjumbe atakayesimama kudai mkutano umepitwa na wakati.

Swali. Mbona mnahangaika? Si tuandike tu kwa Kiswahili "kila baada ya wiki mbili"?
*Mwalimu, Iringa*

Jibu. Mwalimu, tunakubali kwamba "mara mbili kwa wiki" na "kila wiki mbili" haziwezi kuchanganywa, na hapo Kiswahili kimekishinda Kiingereza. Lakini hilo "baada ya" lina mtego wake. Jaribu darasani: "Mwagilia kila baada ya siku mbili." Aliyemwagilia Jumatatu atarudi lini? Wapo watakaosema Jumatano, na wapo watakaosema siku mbili, Jumanne na Jumatano, zipite kwanza, kisha Alhamisi. "Siku ya tatu" haisaidii, maana wengi wetu huhesabu na siku ya kuanzia, hivyo siku ya tatu ya Jumatatu ni Jumatano. Wazee wana mtondo na mtondogoo kwa siku zinazofuata keshokutwa, maneno mazuri sana, ila vijana wengi hawayajui tena.

Hata "kutwa mara tatu" ya dirisha la dawa inataka uangalifu. Kutwa kwa asili ni tangu asubuhi hadi jua kuzama, ndiyo maana tunasema kutwa kucha tukitaka na usiku uingie. Mgonjwa anayelishika hivyo anameza dozi tatu kabla ya magharibi, halafu anakaa mikono mitupu usiku kucha. Kwa dawa ya kila saa 8, mwandikie: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Na kwa jambo la kila siku 14, tunachopendekeza uandike ubaoni ni hiki: "Kila Jumatatu, kwa kuruka wiki moja, kuanzia tarehe 2. Zinazofuata: 16, 30." Mwezi ukiisha, andika tarehe za mwezi unaofuata.