Mgeni akisema vodka ina ladha ya kwao

Mdogo wangu, umeuliza umjibu nini mgeni wa baa yenu hapo Paje, Zanzibar, anayeshikilia kwamba Reyka, vodka ya Iceland, ina ladha ya huko kwao. Hajakosea. Vodka kwa kawaida hutoka mtamboni na kilevi cha asilimia 96 hivi, ndipo hutiwa maji hadi ishuke kwenye 40. Basi zaidi ya nusu ya chupa ni maji! Ya Reyka yamejichuja kwenye miamba ya volkano. Yetu hupita kwenye mawe ya matumbawe, yakabeba chokaa. Chungulia ule utando mweupe ndani ya birika lako. Kwa hiyo barafu usigandishe kwa maji ya kisima, nakuomba sana. Utamharibia kinywaji chake.