Theluji ya uhakika iko wapi, na niende mwezi gani?

SWALI: Mhariri, habari ya kazi. Niko Kasese, dada yangu ameolewa Uswisi na shemeji anataka niende mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili tukacheze skii. Theluji sijawahi kuikanyaga, naiona tu asubuhi mawingu yakifunguka huko juu Rwenzori. Naogopa nisije nikafika nikute mvua na majani. Niende lini, na wapi? Alafu kwani hapa kwetu haiwezekani?

JIBU: Ndugu yangu wa Kasese, hio woga yako ni ya maana kabisa. Mwambie shemeji asogeze mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza ama wa tatu hivi, maana mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili sehemu za chini saa zingine bado hazijafunikwa, lakini ikifika mwezi wa pili theluji imeshajipanga juu ya nyingine, na mwezi wa tatu jua linakaa sana, siku ni ndefu, mtu anafurahi. Wa pili wenyewe kuna wiki za likizo za shule, watu wanajaa.

Kitu cha kuuliza kabla ya bei ni urefu wa mlima. Kila ukipanda mita 100 baridi inaongezeka karibu nusu digrii na kidogo, ndio maana wewe unatoka jasho hapo mjini na Margherita, kilele cha Rwenzori, kwenye mita 5,109 ni barafu. Kwa hivo mvua ikinyesha kijijini, huko juu mita 2,500 inaanguka theluji. Zermatt, hukohuko Uswisi, kuna gari la kamba linafika mita 3,883, na juu ya barafu ya pale watu wanateleza mwaka mzima. Ila upepo ukizidi lifti zinafungwa hata kama theluji ni nzuri, so weka siku sita, usiweke mbili.

Siku ya kwanza lipia mwalimu, tafadhali, usikubali shemeji akufundishe. Utaanzia pahali tambarare, ncha za skii zikaribiane na visigino viachane, hio ndio breki yako. Ukiogopa mwili utataka kuegemea nyuma, kataa, sukuma goti mbele, ukiegemea nyuma skii zinakimbia zenyewe.

Viatu, skii na kofia ngumu unakodi hukohuko. Jaketi na suruali nenda soko la Owino, Kampala, kwenye mitumba, zile nzito zenye zipu mingi watu wa boda wanazivaa asubuhi, zingine zilishonwa kwa ajili ya skii. Ndani usivae pamba, ikishika jasho inakugandisha. Na miwani ya jua ni lazima, theluji inarudisha mwanga machoni mpaka yanauma, hata ngozi nyeusi inaungua.

Sasa Rwenzori. Hapana, skii hapo hapana: ukungu, mvua karibu mwaka mzima, barafu ina nyufa za kumeza mtu na hakuna lifti. Na inaniuma kusema, hio Nzururu ya wazee wa Kikonzo, yaani theluji na barafu ya huko juu, imebaki kipande tu cha ile waliyoikuta waliofika kileleni 1906. Kwa hivo ipande kwa miguu, na mtu wa kukuongoza njia na viatu vya meno ya kushika barafu, mwezi wa kwanza ama wa saba mvua ikipungua kidogo, na usingoje miaka mingi.

Kama Uswisi itashindikana, Lesotho kuna Afriski, pahali pa kuchezea skii, juu ya mita 3,000, mwezi wa sita mpaka wa nane, na theluji ikipungua wanaitengeneza kwa mashine.